Somo la Redio: Dini na Mimba za Wasichana

Wanafunzi wa darasa la watu wazima la Kurui, na ninyi nyote mnaotusikiliza katika vijiji vya Kisarawe, wekeni daftari tayari, maana leo tutafanya hesabu kidogo, kisha tutabishana kwa adabu.

Jambo lenyewe ni hili. Msichana wa shule akishika mimba, watu wa barazani hugawanyika. Mmoja husema, "Watoto wa siku hizi wameacha dini." Mwingine hujibu, "Mbona hata mabinti wa watu wa dini hupata mimba?" Je, nani amesema kweli? Tutazame ushahidi.

Kwanza tujifunze neno "asilimia". Maana yake ni "katika kila mia". Serikali yetu hutuma watu nyumba kwa nyumba kuuliza habari za afya. Mwaka 2022 walikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamekwisha kushika mimba. Yaani wasichana 22 katika kila 100. Katika uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016, walikuwa 27 katika kila 100.

Sasa msemaji wa kwanza atasimama. Atasema, "Tazameni Zanzibar! Mwaka ule wa 2015 na 2016 walikuwa 8 tu katika 100. Na karibu watu wote wa Zanzibar ni Waislamu. Dini ndiyo iliyowalinda." Polepole, ndugu yangu. Lindi na Mtwara nako Waislamu ni wengi, lakini wasichana waliopata mimba huko walizidi wale wa Zanzibar. Na mkoa wa Kilimanjaro, wenye Wakristo wengi, nao ulikuwa na idadi ndogo. Basi jina la dini peke yake halitoshi kutueleza.

Msemaji wa pili naye atasimama. Atasema, "Huko Marekani, mwaka 2009, wataalamu walilinganisha majimbo. Majimbo yenye watu wengi wa dini ndiyo yenye wasichana wengi wanaozaa. Jimbo la Mississippi lilikuwa la kwanza kwa yote mawili." Ni kweli, wataalamu waliandika hivyo. Lakini polepole na wewe. Walipima majimbo; hawakumpima msichana mmoja mmoja. Tuseme kijiji fulani kina misikiti mingi na wezi wengi. Je, unaweza kusema kwamba wanaosali ndio wanaoiba? Huwezi. Wataalamu wale wenyewe walionya kwamba mambo mawili kwenda pamoja si ushahidi kwamba moja limelizaa jingine. Jogoo huwika, na jua huchomoza. Lakini jogoo asipowika, kutakucha.

Liko jambo jingine ambalo watu husahau. Hesabu hizi huwahesabu wote, walioolewa na wasioolewa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya mzazi. Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilisema kwamba kifungu hicho hakipatani na Katiba. Basi mzazi akimwoza binti yake mapema ili kuepuka aibu, aibu imeondoka, lakini mimba imebaki. Na nyonga ya mtoto haijui kama ameolewa. Bado ni nyembamba, na uzazi waweza kumkwama.

Je, ni nini kinachoonekana kila mahali? Ni shule na umaskini. Wasichana wasiosoma hupata mimba mapema kuliko waliofika sekondari. Wa nyumba maskini huwazidi wa nyumba zenye nafasi. Dini zote hapa petu hufundisha kujizuia, na fundisho hilo ni jema. Lakini msichana anayetembea mwendo mrefu kwenda shule bila chakula, kisha akakutana na mtu mzima mwenye fedha, anahitaji fundisho na ulinzi pia. Kumbukeni kwamba tangu mwaka 2016 sheria inaweza kumfunga miaka 30 mtu anayempa mimba mwanafunzi. Na tangu Novemba 2021, msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni. Usimfiche ndani kama kwamba maisha yake yamekwisha.

Wazee wetu Wazaramo walimweka mwali ndani, na kungwi akamfundisha habari za mwili wake. Mama hakuyasema mwenyewe. Leo mwali yuko darasani. Je, kungwi wake ni nani? Tukinyamaza sisi, na shehe akinyamaza, na mchungaji akinyamaza, atafundishwa na yule mwenye fedha njiani.

Basi msishindane tena kama dini ina kosa au haina. Mwulizeni kila mmoja, mwenye msikiti, mwenye kanisa na mwenye nyumba, "Wewe umemwambia nini binti yako, na umemlinda vipi?"

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Asilimia 22 maana yake ni nini? Katika wasichana 50, ni wangapi?

2. Kwa nini mfano wa Zanzibar peke yake hautoshi?

3. Msichana aliyejifungua akitaka kurudi shuleni, kijiji chetu kitamsaidiaje? Andika sentensi tatu.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.