Kromosomu Y na mteremko wa Kilungu

Katika seli za mamalia walio wengi, jozi moja ya kromosomu ndiyo inayohusika na jinsia: jike ana X mbili, dume ana X na Y. Kwa binadamu, X ina herufi za DNA zipatazo milioni 155 na jeni zaidi ya 800 zinazounda protini. Y ina herufi kama milioni 62, na nyingi ya jeni zake chache ni nakala za jeni zilezile. Ukiziona leo huwezi kudhani zilikuwa pacha. Lakini zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita zilikuwa jozi ya kawaida tu.

Zilizozitenganisha ni jeni SOX3, ambayo ingali kwenye X, na nduguye aliyebadilika upande wa pili akawa SRY. Hiyo SRY, iliyotambuliwa mjini London mwaka 1990, ndiyo inayoamuru kijusi kiote korodani. Baadaye vipande vya Y viligeuka juu chini, vikashindwa kulingana na X. Kwa kawaida, yai au mbegu ya kiume inapotengenezwa, kromosomu za jozi hulala sambamba na kubadilishana vipande, hivyo kipande kizima hupata nafasi ya kuachana na kibovu. Y ilibaki na ubadilishanaji huo nchani tu.

Mkulima wa milima ya Kilungu, Makueni, anayajua matokeo ya kukosa kinga kama hiyo. Shamba la mteremko lisilo na kinga hupoteza udongo kila masika, kwanza kwa kasi, kisha polepole kadiri miamba inavyobaki peke yake. Y nayo ilimomonyoka hivyo. Utafiti wa mwaka 2012 uliilinganisha na Y ya kima wa Asia aitwaye rhesus, ukakuta kwamba katika miaka milioni 25 Y ya binadamu imepoteza jeni moja tu ya asili. Waliotangaza kwamba Y itatoweka karibuni walikuwa na haraka.

Kilungu mkulima huchimba fanya juu: mtaro unaofuata kontua, udongo ukitupwa upande wa juu uwe tuta, na mwaka hadi mwaka mteremko unakuwa ngazi. Y ina ngazi zake. Sehemu 8 zimeandikwa mara mbili, nakala moja ikiwa kinyume cha nyingine kama taswira ya kiooni. Moja ikiharibika, husahihishwa kwa kuiga ya pili.

Y hurithiwa kama mbaĩ, ukoo wa Wakamba, kutoka kwa baba, ila binti hupata mbaĩ na kuikosa Y.

Jeni za X zina maisha mengine. Dume ana X moja, kwa hiyo kasoro yake haina wa kuisitiri. Jike ana mbili, lakini kila seli huizima moja, kama Mary Lyon alivyoeleza mwaka 1961, na mwili wake unakuwa mchanganyiko.

Mfano wa Afrika Mashariki ni G6PD, jeni ya X inayolinda seli nyekundu za damu. Mwaka 1960 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliandika kuhusu upungufu wake kwa watu wa Afrika Mashariki, na malaria ikashukiwa kuwa ndiyo iliyoueneza. Utafiti wa Kilifi uliochapishwa 2015 uliongeza jambo: wasichana wenye nakala moja yenye upungufu walipata malaria kali mara chache zaidi, lakini wavulana wenye upungufu hawakupata kinga hiyo. Damu ya msichana huyo ina seli za aina zote mbili. Ya mvulana ni ya aina moja.

Upungufu huo hujificha mpaka dawa ya malaria kama primakwini inapozipasua seli nyekundu, ndiyo maana kipimo cha G6PD hushauriwa kwanza. Mvulana aliye nao hakuurithi kwa baba: X yake ilitoka kwa mama, mara nyingi mama asiyejua kwamba anao.