Jina na Dawa: Majina ya Miti ya Tiba katika Kiswahili na Wajibu wa Mtunga Kamusi

Utangulizi



Miaka mingi iliyopita, nikiwa mwanafunzi, nilipita katika kijiji kimoja cha mwambao wa kaskazini mwa Tanzania nikikusanya majina ya miti. Mzee mmoja alinionesha mti uliosimama uani kwake, akaniambia kuwa ni mwarobaini. Nikaandika. Jioni ile ile, nyumba ya tatu kutoka pale, bibi mmoja alinionesha mti wa namna nyingine, naye akauita mwarobaini. Nilipomweleza aliyoyasema mzee, bibi alicheka, akasema: "Mwanangu, jina halinywewi. Kinachonywewa ni jani."

Maneno yale sijayasahau, kwa kuwa ndani yake mna onyo. Mti wa mzee ulikuwa Azadirachta indica. Mti wa bibi ulikuwa Melia azedarach, ambao matunda yake yana sumu.

Hoja nitakayoitetea katika mhadhara huu ni moja: jina la mti wa dawa ni sehemu ya elimu ya dawa hiyo. Likipotea, elimu hupotea. Likikosewa, mgonjwa huweza kuangamia. Kwa hiyo jambo hili haliwahusu waganga na wanabotania peke yao. Linatuhusu sisi wa taaluma ya lugha, hususan watunga kamusi.

Mti na dawa

Tuanze na maneno yenyewe. Neno dawa tumelipata kutoka Kiarabu. Mganga na uganga ni maneno ya Kibantu, yenye mzizi wa kale uhusuo kutibu. Je, kabla ya dawa kuingia, Waswahili waliiitaje dawa? Lugha ndugu zinatupa dokezo. Katika Kizulu, neno umuthi lina maana ya mti na maana ya dawa pia. Mzizi wake ni ule ule wa mti katika Kiswahili.

Maana hiyo ya pili haijafutika kabisa kwetu. Imehifadhiwa katika neno miti shamba. Mtu asemapo kuwa ametumia miti shamba, hakusudii kuwa amekata magogo. Na shamba hapa si konde la mahindi, bali ni kinyume cha mji, kama linavyotumika mwambaoni hadi leo. Hivyo basi Kiswahili kilipokea neno geni bila kulitupa wazo la kale, kwamba mti na dawa ni kitu kimoja kinachotazamwa kwa macho mawili.

Majina kama kumbukumbu

Majina ya miti ya tiba hutunza kumbukumbu za safari na za imani. Habasoda ni Kiarabu kitupu, maana yake punje nyeusi. Mdalasini umetoka katika Kiajemi, na ndani yake limefichika jina la China. Mrehani na mnanaa ni maneno ya Kiarabu pia. Mshubiri nao una jina lenye asili hiyo hiyo, nasi tumelifanya kipimo cha uchungu wote, hata maneno makali husemwa kuwa ni machungu kama shubiri.

Lakini tusidhani kuwa kila jina husema kweli kuhusu asili ya mti. Waarabu waliuita ukwaju tende ya Kihindi, Wazungu wakalifuata jina hilo, na wanasayansi wakauandika mti wake Tamarindus indica. Ilhali mkwaju ni mti wenye asili ya Afrika! Jina la Kiswahili, ambalo halidai kutoka popote, ndilo lisilopotosha.

Mwarobaini ni mfano ulio bora zaidi. Mti huu una asili ya Asia ya Kusini. Jina lake tumelijenga wenyewe, kwa kiambishi cha ngeli ya miti na neno la Kiarabu la idadi. Aghalabu husemwa kwamba umeitwa hivyo kwa sababu unatibu maradhi arobaini. Wapo waliojaribu kuyahesabu maradhi hayo. Kwa maoni yangu, hiyo ni kazi bure. Katika utamaduni wa mwambao arobaini ni idadi ya ukamilifu. Mzazi hukaa siku arobaini ndani, marehemu husomewa arobaini yake, na siku za mwizi, kama tujuavyo, ni arobaini. Jina hili linasifu mti, wala haliorodheshi maradhi.

Mfano wa mwisho ni mkunazi. Mafundisho ya Kiislamu yanataja majani ya mti uitwao sidri kwa Kiarabu katika kumwosha maiti. Mwambao uliukubali mkunazi kuwa ndio mti huo, na majani yake hutumika hadi leo. Huku kuoanisha mti na jina ni tafsiri, tena tafsiri iliyofanywa na watu wasiokuwa na kamusi mkononi.

Jina moja, miti kadhaa

Sasa nirudi kwenye onyo la bibi yule. Hatari ya jina moja kubeba miti kadhaa si yetu peke yetu, na mfano mashuhuri umetoka China. Tabibu Ge Hong, aliyeishi katika karne ya 4, aliandika kwamba mmea uitwao qinghao uloekwe katika maji, ukamuliwe, na maji yake yanywewe kutibu homa za vipindi. Mwanasayansi Tu Youyou na wenzake walipoyarudia maandishi ya kale katika miaka ya 1970, maelezo hayo yalimpa wazo la kuikamua dawa bila moto mkali. Hata hivyo palikuwa na tatizo la pili, la kileksika: mimea zaidi ya mmoja ilikuwa ikiitwa qinghao. Ilibidi ithibitishwe kuwa Artemisia annua ndiyo yenye dawa iliyotafutwa.

Kutokana na mmea huo ilipatikana artemisinini, na mwaka 2015 Tu Youyou akapewa Tuzo ya Nobeli. Dawa mseto ya malaria, ambayo Tanzania na Kenya ziliifanya tiba ya kwanza katika miaka ya 2000, ina asili hapo. Mamilioni ya watoto wetu wameinywa. Naomba wanafunzi wa semantiki walikumbuke jambo hili pindi watakapoambiwa kuwa uchambuzi wa maana za maneno hauponyi mtu.

Mti mmoja, majina mengi

Hali ya kinyume nayo ina gharama yake. Mlonge huitwa pia mzunze na mronge. Ndulele wa bara ndiye mtunguja wa pwani. Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Masapila kwa shilingi 500. Magazeti yaliuandika mti wake kwa jina la Kisonjo, mugariga, na wengi wakaamini kuwa ni mti usiopatikana kwingine. Wanabotania waliutaja kuwa ni wa jenasi ya Carissa. Huo ndio mtandamboo wa Waswahili, olamuriaki wa Wamasai na mukawa wa Wakikuyu. Haikuthibitishwa kisayansi kwamba kikombe kile kiliponya maradhi yaliyotajwa. Lakini laiti kamusi zetu zingeyaunganisha majina hayo manne, msomaji angejua tangu siku ya kwanza ni mti gani unaozungumzwa.

Kamusi zetu

Atafutaye jina la mti katika kamusi zetu mara nyingi hukutana na fasili isemayo kuwa ni aina ya mti. Fasili ya namna hiyo haimwongozi mtu kuufikia mti. Padri Charles Sacleux, aliyeishi Zanzibar na Bagamoyo, alikuwa pia mkusanyaji wa mimea. Kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ya mwaka 1939 ingali hazina ya majina ya mimea. Si fahari kwetu kwamba bado tunalazimika kuyatafuta majina yetu kwa kupitia Kifaransa.

Maandishi hulinda haki pia. Mwaka 1995 ilitolewa hataza nchini Marekani juu ya kutumia manjano kutibu vidonda. India ilipinga kwa kutoa maandishi yaliyoonesha kuwa matumizi hayo yalijulikana zamani, na mwaka 1997 hataza hiyo ikafutwa. Sisi tungepinga kwa maandishi gani?

Napendekeza kila kidahizo cha mti wa tiba kiwe na mambo manne: jina la kisayansi, majina mengine na mahali yanapotumika, sifa ya kuutambulia mti, na tahadhari. Kwa mfano, chini ya mwarobaini iandikwe kuwa ni Azadirachta indica; vijani vyake hupangika pande mbili za kikonyo kimoja, na maua yake ni meupe. Iongezwe kuwa usichanganywe na Melia azedarach, ambao kikonyo chake hutoa matawi mengine yenye vijani, maua yake yana rangi ya zambarau hafifu, na matunda yake ni sumu.

Hitimisho

Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Muhimbili ina taasisi inayoichunguza tiba hiyo. Maabara na sheria tunazo. Kinachosuasua ni kazi yetu: kwenda kwa wazee na daftari, tukifuatana na mwanabotania, kabla wazee hao hawajatutoka.

Bibi alisema kweli kwamba jina halinywewi. Lakini yeye aliujua mti wake kwa macho, na wajukuu zake watautafuta kwa jina.