Madoa Meusi Bafuni? Usikimbilie Jik Kwanza

Mata ni joto. Ukianika nguo saa nne, kufika saa sita unazianua. Sasa mbona ukuta wa bafu una ukungu mweusi kana kwamba tunaishi Limuru?

Angalia dirisha. Ploti nyingi bafu ni moja, wanaooga ni kumi, na kile kidirisha cha juu kimezibwa kwa gunia sababu ya mbu wa Ziwa Jipe. Mbu anabaki nje, sawa, lakini unyevu nao unabaki ndani. Ukungu hautaki mengi: unyevu, mabaki ya sabuni na mafuta ya mwili ukutani. Hapo umeupangisha bila kodi. Toa gunia, weka wavu.

Anayemaliza kuoga avute maji ukutani na sakafuni kwa ule mpira wa kudekia. Dakika moja tu. Pazia nalo aliache limenyooka, lisikunjwe likiwa bichi.

Yale madoa meupe si ukungu. Ni chumvi ya maji ya kisima, na Jik haiyawezi. Hayo ni kazi ya siki. Kichwa cha shawa kikiziba, kifungue ukiloweke kwenye kikombe cha siki usiku kucha. Kama shawa ni ya umeme, usiifungue. Zima swichi kuu, halafu ipanguse kwa kitambaa.

Ukungu wenyewe unasuguliwa kwanza kwa sabuni na brashi, unasuuza, ndipo unapaka Jik iliyozimuliwa kwa maji baridi. Dakika kumi, suuza tena, mlango ukiwa wazi. Kwenye saruji isiyo na rangi doa litafifia tu, kisha lirudi, maana limeshaingia ndani. Acha ukuta ukauke kabisa kabla ya kupaka rangi.

Na hapa niongee polepole. Kuna watu huchanganya Jik na siki, au na dawa ya choo yenye asidi, eti zikiwa mbili zina nguvu zaidi. Kinachotoka ni gesi ya klorini, ile iliyotumika vitani Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Macho yanawaka, kifua kinabana. Ikitokea, toka nje mara moja. Ndoo utairudia baadaye. Kifua kisipoachia, nenda hospitali. Siki leo, Jik kesho, na katikati maji mengi.

Nyinyi mnaokojoa bafuni, mnajijua. Mkojo uliolala una amonia, nayo ikikutana na Jik inatoa gesi nyingine mbaya. Aliye kwenye zamu ya kuosha amwage maji sakafuni kwanza.