Redio ya Ridhaa Safarini: Kutoka Ngokolo hadi Maskati

Wako watu duniani ambao, wakinuia kwenda likizo ng'ambo, hawaanzi kwa kuuliza habari za hoteli wala za mbuga za wanyama, bali hufunua ramani iliyougawa uso wa dunia katika miraba, kila mraba ukiwa na herufi mbili na tarakimu mbili. Na katika ramani hiyo mji wa Shinyanga, pamoja na kata yetu ya Ngokolo, umo katika mraba uitwao KI66, ilhali Geita ya wachimba dhahabu imo katika KI67. Watu hao ni wanaredio wa ridhaa, na kwao mahali tunapopaona sisi kuwa pa kawaida, pa vumbi na kiangazi kirefu, ni mahali pa kutamaniwa mno.

Mwanaredio wa ridhaa si mtangazaji. Hapigi muziki, hatangazi bidhaa, wala halipwi hata senti. Ni mtu aliyejifunza elimu ya mawimbi, akafanya mtihani, akapewa na serikali yake leseni pamoja na alama ya mwito, kisha akawa na haki ya kuzungumza na wenzake wa dunia nzima kwa mtambo wake mwenyewe, pasipo simu, pasipo intaneti. Mazungumzo yao yana mipaka: kanuni za kimataifa zataka yawe ya majaribio ya mitambo na ya mambo binafsi tu, hivyo anayetaka kuulizia bei ya dhahabu ya Geita na atafute njia nyingine. Ndani ya mipaka hiyo hakuna mkubwa wala mdogo. Marehemu Sultani Qaboos wa Oman alikuwa mwanaredio, alama yake A41AA. Mfalme Hussein wa Jordan aliitwa JY1. Na mwaka 1983, Owen Garriott alipokuwa mwanaanga wa kwanza kutumia redio ya ridhaa angani, miongoni mwa waliosemezana naye kutoka ardhini alikuwamo mfalme huyo.

Sasa, kwa nini mtu atoke Ujerumani au Japani na mtambo wake begani aje hata huku? Sababu yake ni uadimu. Katika nchi hizo wanaredio ni wengi mno, na mmoja wao akiita kutoka nyumbani kwake aweza kuita jioni nzima asijibiwe na yeyote, kwani sauti yake ni moja kati ya nyingi zilizo sawa. Mtu huyo huyo, kwa mtambo ule ule, akiita kutoka Tanzania, ambako wanaoita ni wachache kabisa, hugeuka kuwa ndiye anayetafutwa na dunia. Asema kwa utulivu alama yake, ambayo kwa mgeni wa kwetu aghalabu huanza na 5H3, kisha anyamaza. Mara spika yajaa mvumo wa sauti zilizopandana, Mtaliano juu ya Mrusi, Mjapani juu ya Mmarekani, hata isitambulikane hata moja. Mzoefu hababaiki. Husemea masafa mamoja na kusikiliza mengine yaliyo juu yake kidogo, ili wanaomwita wasimfunike. Akidaka herufi mbili tatu za mtu huzitaja, na wengine wote, kama ni waungwana, hunyamaza wampishe mwenye herufi hizo. Wawili hao hupeana namba ya ubora wa usikivu, hushukuriana, na sekunde kumi hazijapita zamu ya mwingine imefika. Ikiwa Ngokolo ni saa kumi na mbili ya jioni, na saa ya mkononi yaonyesha 18:00, daftari ya mwanaredio huandikwa 1500, maana wote, popote walipo, hufuata saa moja ya ulimwengu ili kumbukumbu zao zisije zikapingana.

Yanayoibeba sauti hiyo si maajabu ila ni kazi ya jua. Mionzi yake huzichaji hewa zilizo juu sana, kilomita 200 hadi 400 kutoka ardhini, zikawa tabaka liwezalo kuyarudisha chini mawimbi mafupi. Wimbi hupanda, hurudishwa, hugonga ardhi au bahari, hupanda tena, hata likafika Ulaya au Amerika. Nguvu ya tabaka hilo huongezeka na kupungua katika mzunguko wa miaka 11 hivi, na kilele cha mzunguko wa sasa kilikuwa mwaka 2024, na karibu na ikweta, kama hapa petu, hali yake huwa njema kuliko nchi za baridi. Adui wetu mkubwa ni radi. Kanda hii ya Ziwa Viktoria ni miongoni mwa zenye ngurumo nyingi mno duniani, na kila umeme upigapo, hata ukiwa mbali, hukwaruza katika spika. Kwa hiyo mgeni mwenye busara huja kati ya Juni na Septemba, wakati mbingu za Shinyanga ni kavu. Akija masika, na aufungue waya wake mara asikiapo ngurumo, kwa kuwa waya ulio juu ya mti huialika radi ndani ya nyumba.

Vifaa vyenyewe si vya kutisha. Mtambo wa wati 100, mkubwa kama kamusi nene, hutosheka na betri ya gari. Na upo mdogo wa wati 5 unaoenea katika mkoba. Antena ni jambo la waya na hesabu: wimbi la megahezi 14 lina urefu wa mita 20 na kitu, nusu yake ni mita 10, basi vipande viwili vya waya wa kawaida, kila kimoja mita 5, vikiunganishwa katikati na kuinuliwa, vyatosha kuifikia dunia. Mgeni hufunga jiwe kwenye mshipi wa kuvulia samaki, hulirusha juu ya tawi la mwembe uani, huvuta kwa mshipi huo kamba, na kwa kamba waya. Ncha mbili hushuka pande mbili mfano wa paa la nyumba. Sharti la kwanza ni kuwa mbali na nyaya za umeme wa TANESCO, kwa sababu ya uhai. Na sharti la pili ni kuwa mbali na taa za bei rahisi na chaja za sola, ambazo hutoa mvumo unaozizamisha sauti dhaifu zitokazo mbali.

Lakini kabla ya waya huja idhini, na hapa nasema kwa mkazo. Mtambo wa kurusha mawimbi si kamera. Mgeni anapaswa kuomba kibali kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, mapema kabla ya kusafiri, na kuwa na karatasi zake mkononi afikapo forodhani. Wasiwasi wa serikali juu ya mitambo hii una asili, na asili hiyo imo katika ardhi yetu: Agosti 1914, vita vilipoanza tu, manowari ya Kiingereza Astraea iliupiga mizinga mnara wa redio wa Wajerumani Dar es Salaam, na Juni 1915 askari walivuka ziwa kutoka Kisumu kwenda Bukoba, na moja ya makusudi yao makubwa lilikuwa kuuharibu mnara wa redio uliokuwa pale. Tena, kibali cha serikali hakimwondolei mgeni wajibu wa kupiga hodi kwa mwenyekiti wa mtaa na kuwaeleza majirani ule waya ni wa nini. Atakayefanya hivyo atapata na wa kumshikia kamba.

Wengi wa wageni hawa, nakiri, huishia Unguja. Visiwa vina mashabiki wao tangu mwaka 1964, Geoff Watts wa Uingereza alipoanzisha utaratibu wa kuhesabu visiwa, na Unguja katika utaratibu huo ni AF-032. Zamani Tanganyika ilijulikana hewani kwa VQ3 na Unguja kwa VQ1. Na ingawa Muungano ulikuwa mwaka huo huo wa 1964, orodha ya nchi itunzwayo na chama cha wanaredio wa Marekani iliendelea kuihesabu Zanzibar peke yake hadi tarehe 31 Mei 1974. Bara, na hasa magharibi yake, imeachwa bila kuguswa sana, na hilo lanisikitisha.

Lanisikitisha zaidi kwamba safari ni za upande mmoja. Mzungu mwenye leseni huvuka mipaka kwa urahisi, kwa kuwa nchi za Ulaya zilikubaliana mwaka 1985, kwa pendekezo liitwalo T/R 61-01, kwamba mwenye leseni ya nchi moja arushe katika nyingine kwa muda mfupi bila kuomba upya, akitanguliza tu alama ya nchi aliyoifikia. Baadaye Marekani na nchi nyingine ziliingia. Tanzania haimo, kwa hiyo Mtanzania aendaye likizo Ujerumani au Oman hana budi kuwaandikia wenye mamlaka wa huko miezi kadhaa kabla. Anayekwenda Maskati kuwatazama jamaa atakuta chama cha wanaredio kilichoasisiwa mwaka 1972, na hatakosa humo wa kumjibu kwa Kiswahili.

Na hata asiyesafiri hakufungiwa mlango. Mwezi Novemba 2018 Qatar ilirusha satelaiti ya Es'hail-2, yenye sehemu iliyotengwa kwa wanaredio wa ridhaa, ya kwanza ya aina yake kukaa mahali pamoja angani bila kuhama, nayo yaonekana kutoka Afrika yote, Ulaya na Ghuba. Ngokolo haiko mbali na chini yake: dishi huelekezwa karibu utosini, kiasi cha digrii 80, likiinamishwa kidogo tu upande wa Geita. Kijana wa hapa mwenye leseni ya TCRA, dishi na mtambo mdogo, aweza kuzungumza na jamaa yake aliye likizoni Maskati mchana na usiku, jua liwe kali au dhaifu, bila kungoja mgeni yeyote ashuke kwenye ndege.