Mafahali Wawili katika Skrini Moja

Mtu amefungua faili refu la mipangilio kwa Vim, ndani ya dirisha la kuandikia amri. Anazungusha gurudumu la kipanya ili asome mistari ya chini, na badala ya maandishi ya faili anaona amri alizoandika kabla ya kulifungua. Kwenye kompyuta nyingine gurudumu hilohilo husogeza kishale cha kuandikia mstari baada ya mstari huku ukurasa umetulia. Kwingine halifanyi lolote. Lawama huiangukia programu ya kuhariri, na shauri linalotolewa upesi ni kuiacha. Naona lawama hiyo haina haki. Vim haijaharibika, na dirisha halijaharibika. Kila moja linajiona ndilo lenye mamlaka ya kusogeza maandishi, na wahenga walikwisha kusema kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja.

Dirisha hilo tunaliita terminali, ingawa kwa hakika ni programu inayoiga mashine ya zamani. Iliyoigwa kuliko zote ni VT100, iliyotolewa mwaka 1978 na kampuni ya Marekani ya Digital Equipment Corporation: skrini na kibodi vilivyounganishwa kwa waya na kompyuta kubwa iliyokuwa kwingine. Kwa kawaida ilionyesha mistari 24 yenye herufi 80 kila mmoja. Mstari uliopanda ukavuka ukingo wa juu ulipotea, kwa kuwa mashine haikuutunza, na kipanya hakikuwapo. Programu ya vi, ambayo Bill Joy alianza kuiandika Berkeley mwaka 1976, ni ya zama hizo. Yenyewe ndiyo iliyolijua faili zima, ikachora kwenye skrini kipande kilichoenea tu, na mtumiaji alipotaka kwenda mbele ikachora kipande kingine. Hapakuwa na wa kugombana naye. Vim, aliyoitoa Bram Moolenaar mwaka 1991, ilirithi utaratibu huo.

Ugomvi uliletwa na madirisha. Programu kama xterm, iliyoanza mwaka 1984, zilitunza mistari iliyopita ili mtumiaji aweze kurudi nyuma kuisoma, jambo ambalo VT100 haikulijua. Ili kumbukumbu hiyo isichafuliwe na michoro ya programu za kuhariri, ikabuniwa skrini ya pili: Vim ikifunguka huiomba, ikifungwa huirudisha, na amri zako unazikuta kama ulivyoziacha. Ufundi mzuri, ila skrini ya pili haina kumbukumbu ya mistari iliyopita. Gurudumu likizunguka, terminali haina cha kusogeza. Baadhi hunyamaza. Nyingine hujifanya mtumiaji amebonyeza kitufe cha mshale mara kadhaa, na kwa kuwa mshale huongoza kishale, ukurasa hausogei mpaka kishale kigonge ukingo. Na skrini ya pili ikiwa imezimwa, au programu ikiwa imeelezwa vibaya inafanya kazi ndani ya terminali ya aina gani, ndipo amri za zamani huchomoza. Ukiongeza katikati tmux, programu inayogawa terminali moja kuwa kadhaa, fahali wa tatu ameingia zizini.

Yupo atakayeuliza kwa nini terminali isitunze tu kila kilichopita, hata cha Vim. Lakini terminali hailijui faili. Inajua herufi zilizochorwa tu. Ikitunza michoro yote, ukirudi nyuma utakuta picha za ukurasa uleule zimerundikana, mstari uliokwisha kuufuta ukiwa bado unasomeka. Anayelijua faili ndiye astahiliye kulisogeza, naye ni programu ya kuhariri. Amri ya :set mouse=a ndani ya Vim huiagiza terminali ikabidhi habari za gurudumu, na kwa tmux kuna set -g mouse on. Neovim, programu iliyochipuka kutoka Vim, iliufanya mpango huo kuwa wa kawaida tangu toleo la 0.8, mwaka 2022. Gharama ipo: kuchagua maandishi kwa kipanya ili kuyanakili nako huhamia kwa Vim, na kwenye terminali nyingi itakubidi ushikilie Shift ili kurudi kwenye njia ya zamani. Kwa anayenakili kutwa nzima hilo si dogo, ila naliona afadhali kuliko gurudumu lisilotabirika.

Wengine watasema dawa ni kuhamia programu za kisasa zenye madirisha na vitufe. Kwa anayeandika kwenye kompyuta iliyo mbele yake, sina pingamizi. Lakini msimamizi wa seva iliyo nchi nyingine, anayeifikia kwa SSH kupitia intaneti inayokatikakatika, mara nyingi hana skrini nyingine zaidi ya ile ya herufi, nayo hutuma data kidogo sana.

Kwa hiyo kabla ya kuifuta Vim, bonyeza Ctrl na E pamoja: ukurasa unatakiwa upande mstari mmoja. Ctrl na Y huushusha. Ctrl na D au U huruka nusu ukurasa. Skrini ikiganda kabisa, huenda umegusa Ctrl na S, ishara ya zamani ya kusimamisha maandishi, na Ctrl na Q huifungua. Vitufe hivyo vikifanya kazi, basi tatizo ni gurudumu peke yake, na mstari mmoja wa set mouse=a katika .vimrc, faili la mipangilio ya Vim, kwa kawaida hulimaliza.