Vizibo 16 Sakafuni

Nilikwenda katika shule moja ya msingi mjini Tanga kuandika habari za madawati. Nikarudi na habari ya vizibo vya soda.

Darasa la nne walikuwa wamechuchumaa sakafuni wanne wanne, kila kundi na kopo lake. Binti mmoja aliweka kizibo kimoja. Akaongeza vitatu: kimoja kulia, kimoja chini, kimoja kwenye kona. Vikawa vinne, mraba mdogo. Akahesabu vitano, akavipanga kuzunguka pande zile zile mbili. Vikawa tisa, mraba tena. Akaleta saba: 16. Kila vikiachana alivisukuma kwa ncha ya kidole mpaka kona inyooke. Kisha akatulia, akainua uso, akasema polepole kama anayeogopa kumwamsha mtu: "Mwalimu, witiri zinajenga mraba. Nikiweka tisa, itakuwa 25."

Hakuna aliyemwambia.

"Ubaoni niliandika swali moja tu," Mwalimu aliniambia wakati wa mapumziko. "Ukijumlisha namba witiri kwa kufuatana, unapata nini? Nikanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, mwanangu. Mkono unawasha kushika chaki."

Mwanzoni, anasema, alifundisha kama alivyofundishwa: kanuni ubaoni, watoto wakariri, anayekosea asimame. "Sita mara saba walinijibu upesi kama wimbo. Nikiwaambia nionyesheni hiyo sita mara saba, kimya."

Siku hizi ni vizibo kwanza, kisha nukta za kuchora daftarini, namba na alama mwisho. Ngazi hizo tatu Mmarekani Jerome Bruner alizieleza miaka ya 1960, na Singapore ikajengea juu yake mtaala wa hesabu miaka ya 1980. Mwalimu yeye huviokota vizibo kwenye vibanda vya soda, akavichemsha, akazigonga kingo kwa nyundo zisiwakate watoto.

Wiki iliyotangulia kijana mmoja alileta kete za bao la babu yake, zote 64. "Nikamwambia azipange vilevile. Moja, tatu, tano, akaenda hivyo mpaka 15. Ukatoka mraba wa nane kwa nane, hata kete moja haikubaki. Babu mtu amecheza bao maisha yake yote. Kesho yake alikuja mwenyewe kuniuliza imekuwaje."

Lakini darasa lina watoto zaidi ya 80, na kipindi hakiwasubiri. Upimaji wa kitaifa unataka jibu, hauulizi mtoto ameliona vipi. Nilimuuliza kama wanafunzi wake wanafaulu zaidi.

"Baadhi. Wengine wanachelewa, wanachora nukta mpaka kengele inalia. Wazazi wananiuliza mbona daftari limejaa picha. Sijapata jibu la kuwaridhisha."

Nami sikuwa nalo. Tunajua sote hesabu inavyowaangusha vijana wetu kidato cha nne mwaka baada ya mwaka. Ila ni nani atakayempa mwalimu huyu muda wa kunyamaza?

Nilipopita tena dirishani, yule binti hakuwa ametoka kucheza. Alikuwa ameanza upya, safari hii na shufwa: viwili, kisha vinne, kisha sita. Mraba ulikataa. Kila mara upande mmoja ulizidi kwa kizibo kimoja. Mwalimu alisimama nyuma yake, mikono mgongoni, hasemi neno.