Kinachounguza Friji Hupitia Kwenye Waya

Ijumaa ya tarehe 10 Mei 2024, kama saa 2 usiku kwa saa za Dar es Salaam, wingu kubwa la chembe zenye chaji lililorushwa na jua liliigonga ngao ya sumaku inayoizunguka dunia. Ilikuwa dhoruba ya G5, daraja la juu kabisa katika kipimo kinachotumiwa na Marekani, na ya kwanza ya daraja hilo tangu Oktoba 2003. Siku mbili baadaye, Jumapili ya tarehe 12, intaneti ikaanguka Tanzania. Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ukafunga huduma zake kwa umma kwa siku mbili kwa sababu ya mtandao kusumbua.

Ni rahisi kuyaunganisha matukio hayo mawili, lakini chanzo cha la pili kilikuwa baharini. Kebo za EASSy na Seacom zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Ndani ya kebo kama hizo data husafiri kwa mwanga kupitia nyuzi za kioo, na mwanga huo hausumbuliwi na dhoruba ya sumaku. Sehemu inayoweza kuguswa ni waya wa shaba unaofuatana na nyuzi hizo ili kupeleka umeme kwenye mitambo ya kukuza mawimbi iliyolala chini ya bahari. Mwezi ule kilichokatika ni kebo yenyewe.

Basi je, jua linaweza kuunguza televisheni, simu au gari la mtu wa Kariakoo? Jibu liko kwenye urefu wa waya. Dhoruba ya jua ikitikisa usumaku wa dunia, kila kitu kirefu kinachopitisha umeme hupata msukumo wa volti. Hata dhoruba ikiwa kali sana, na hata kwenye nchi zilizo karibu na ncha za dunia, msukumo huo ni volti chache kwa kila kilomita. Sasa pima waya kutoka kwenye nguzo ya mtaani hadi soketi ya chumba cha nyuma. Weka mita 50, ambazo ni nyingi. Volti 5 kwa kilomita zikizidishwa kwa urefu huo hutoa robo ya volti, wakati soketi yenyewe ina volti 230 siku zote. Simu iliyo mfukoni, yenye njia za shaba za sentimita chache, haipati hata cha kupimika.

Waya ukiwa na mamia ya kilomita, hesabu hugeuka. Usiku wa kuamkia 13 Machi 1989 gridi ya Hydro-Québec nchini Kanada ilizimika ndani ya sekunde 90 hivi, na watu milioni 6 wakakaa bila umeme kwa takriban saa 9. Umeme wetu wa kawaida hugeuka mwelekeo mara 50 na kurudi kila sekunde. Mkondo unaoletwa na dhoruba hupanda na kushuka polepole, kwa dakika nzima. Ukipanda kwenye transfoma kubwa kupitia waya wake wa ethi, chuma cha ndani hujaa usumaku upande mmoja. Transfoma inaanza kunguruma, inapata joto mahali pasipotakiwa, na inaichafua gridi nzima hadi mitambo ya kinga inajizima yenyewe.

Kwa miaka mingi wahandisi waliamini kwamba tatizo hilo ni la Kanada na Skandinavia. Utafiti wa Trevor Gaunt wa Chuo Kikuu cha Cape Town na mwenzake Coetzee, uliochapishwa mwaka 2007, uliitikisa imani hiyo: walionyesha transfoma za Afrika Kusini zilizoanza kuharibika ndani kwa ndani baada ya dhoruba za mwisho wa Oktoba 2003, katika eneo lililodhaniwa kuwa salama. Sisi tuko karibu na ikweta kuliko wao, na hiyo ni nafuu ya kweli. Ila gridi yetu nayo inarefuka. Laini ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga ina kilomita 670, na sasa tumeungana na Kenya kwa laini ya nguvu hiyo hiyo. Natamani sana vipimo vya mkondo huu vifungwe kwenye transfoma zetu kubwa mapema, maana transfoma ya aina hiyo huagizwa nje na kusubiriwa kwa miezi.

Kwa mwenye duka la simu pale mitaa ya Aggrey na Likoma, Kariakoo, siku jua litakapoangusha gridi, atakachokiona ni umeme kukatika. Hilo si geni kwake. Tarehe 1 Aprili 2024 hitilafu ya gridi ya Taifa iliiacha nchi gizani. Unguja ilikaa miezi mitatu bila umeme wa gridi kuanzia Desemba 2009, pale njia ya kebo ya chini ya bahari kutoka bara ilipoharibika. Na mtu yeyote aliyewahi kupeleka friji kwa fundi anajua kwamba chombo hakiungui umeme unapoondoka. Huungua unaporudi.

Umeme ukirudi mtaani, mafriji, viyoyozi na pampu za maji huamka kwa pamoja. Mota inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara tano au zaidi ya ule wa kawaida yake, hivyo volti za mtaa mzima hushuka, na mota zilizokuwa zinajaribu kuanza hushindwa na kuvuta zaidi. Kompresa ya friji ndiyo huumia mapema. Kama gesi bado imebanwa upande mmoja, kompresa inasukuma isiweze kuzunguka, na waya zake za ndani zinapata moto. Inahitaji dakika tatu hadi tano za kupumzika ili gesi ilingane pande zote mbili. Kukata na kurudisha umeme mara tatu ndani ya dakika moja, kama inavyotokea, ni adhabu kubwa kwa kompresa.

Ipo hitilafu mbaya kuliko hiyo: nyutro kukatika. Umeme unaofika mtaani una fezi tatu, na kati ya fezi moja na nyingine kuna volti 400. Nyumba ya kawaida hupewa fezi moja na nyutro, ndipo zinapatikana 230. Nyutro ikiachia kwenye nguzo, kwa kutu ya hewa ya chumvi au kwa waya ulioungwa ovyo, nyumba za fezi tofauti hubaki zimefungwa mfululizo ndani ya zile volti 400. Yenye kiyoyozi na pasi inapata volti chache. Yenye taa mbili na televisheni inaweza kupata zaidi ya 300. Katika majengo ya Kariakoo, ambako ghorofa moja ina stoo, vyumba vya kuishi na maduka ya fezi mbalimbali, ajali hiyo inaweza kufagia vyombo vya wapangaji kumi kwa mara moja. Ukiona taa zako zinang'aa kupita kiasi huku za jirani zikififia, zima swichi kuu kabla ya kuuliza chochote.

Kinga inauzwa hapo hapo sokoni. Ile ndogo inayochomekwa kati ya soketi na chombo, ambayo wauzaji huiita friji gadi, hufanya kazi mbili: hukata umeme volti zikishuka au kupanda kupita mipaka yake, na umeme ukirudi husubiri dakika kadhaa ndipo iruhusu. Nimemwangalia fundi akifungua moja iliyokufa. Ndani mlikuwa na bodi ndogo, rilei nyeusi, na kidonge bapa cha bluu kilichopasuka katikati na kuacha masizi kwenye plastiki. Kidonge hicho ni varista. Volti zikiwa za kawaida varista huzuia mkondo kabisa. Zikiruka ghafla hufungua njia kwa kasi kubwa na kuumeza mruko huo kabla haujafika kwenye friji. Kila inapomeza huchoka kidogo. Kwa hiyo ekstensheni yenye kinga iliyotumika miaka mingi inaweza kuwa imebaki ekstensheni ya kawaida, taa yake ya kijani ikiendelea kuwaka. Inunuliwe upya.

Varista nyingi, tena, zinategemea ethi, na hapa ndipo majengo mengi ya zamani yanapotuangusha. Tundu la tatu la soketi lipo, lakini nyuma yake hakuna waya, au waya upo na nondo yake ilishaliwa na kutu. Fundi umeme mwenye mita ya kupimia ethi atalijua hilo kwa muda mfupi. Kama una fedha za kitu kimoja tu, itengeneze ethi kabla ya kununua stabilaiza kubwa. Na radi za masika ni habari nyingine: radi ikipiga jirani, mruko huingia kwa waya wa umeme na kwa waya wa antena pia, na hakuna kidude cha dukani kinachoshindana nayo. Kuchomoa plagi na waya wa antena mawingu yanapokusanyika ndiyo kinga pekee ninayoiamini.

Jambo linalotisha watu zaidi ni mpigo wa sumakuumeme wa bomu la nyuklia. Tarehe 9 Julai 1962 Marekani ililipua bomu la megatani 1.4 kilomita 400 juu ya Bahari ya Pasifiki, jaribio lililoitwa Starfish Prime, na taa za barabarani zipatazo 300 zikazimika Honolulu, umbali wa kilomita 1,400 hivi. Mpigo wa namna hiyo una sehemu ya kwanza isiyofanana kabisa na dhoruba ya jua: hupanda ndani ya sehemu chache za bilioni ya sekunde, kwa nguvu ya makumi ya maelfu ya volti kwa kila mita, kwa hiyo hata waya mfupi huuokota. Dhidi yake sanduku la chuma lililofungwa pande zote, kanuni aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1836, husaidia kweli. Yeyote aliyepanda lifti ya ghorofa za Kariakoo na simu ikakatika mlango ulipofungwa ameiona kanuni hiyo ikifanya kazi.

Kuhusu magari, tume iliyoundwa na Bunge la Marekani iliweka magari madogo 37 na malori 18 mbele ya mpigo wa kutengenezwa, nguvu ikipandishwa hatua kwa hatua hadi kilovolti 50 kwa mita. Magari madogo yalikuwa ya miaka ya 1986 hadi 2002, rika la mengi yanayozunguka Kariakoo. Yaliyokuwa yamezimwa hayakuonyesha athari. Kati ya magari madogo yaliyokuwa yakinguruma, matatu yalizimika kwenye kilovolti 30 au zaidi, yakawashwa tena. Lori moja lilihitaji kuvutwa.

Mpigo unaoua kontroli boksi za magari yetu hutoka chini ya boneti. Bado wapo mafundi wanaochomoa tamino ya betri injini ikiunguruma ili wajue kama oltaneta inachaji. Betri ndiyo inayotuliza volti za gari. Ikiondolewa ghafla, oltaneta iliyokuwa inaichaji huruka kutoka volti 14 hadi makumi kadhaa, na mruko huo huenda moja kwa moja kwenye bodi za kompyuta ya gari. Oltaneta hupimwa kwa mita, betri ikiwa mahali pake. Mkatalie fundi anayetaka kuchomoa.

Jua hutugusa kwa njia nyingine, na hapa ukaribu wetu na ikweta ni hasara. Tanzania iko chini ya mojawapo ya mikanda miwili ambako tabaka la juu la anga, ionosfia, huwa zito kuliko kwingine duniani. Jua likishatua, hasa karibu na Machi na Septemba, tabaka hilo huchafuka kwa mapovu yanayoyumbisha mawimbi ya GPS. Mwenye bodaboda hupotezwa mita kadhaa na kuendelea. Mpima ardhi, rubani na mitambo inayotegemea saa ya GPS huumia zaidi. Oktoba 2024 mashirika ya Marekani ya NASA na NOAA yalitangaza kwamba jua limeingia kipindi cha kilele cha mzunguko wake wa miaka 11 hivi.

Mwanga wa mlipuko wa jua hutufikia kwa dakika 8, bila taarifa. Wingu linalofuata huchukua saa 15 hadi siku tatu, na setilaiti zilizo kilomita milioni 1.5 mbele yetu hulipima likiwa limebakiza nusu saa au saa moja. Tangu Novemba 2022 kituo cha hali ya anga za juu cha SANSA, shirika la anga za juu la Afrika Kusini, kilichopo mjini Hermanus, kinafanya kazi saa 24. Muda huo wa nusu saa au saa moja unatosha kwa waendesha gridi kupunguza mzigo kwenye transfoma, na unamtosha mfanyabiashara wa Kariakoo kununua Luku, kutoa fedha taslimu kidogo kwa wakala, kuchaji simu na kuchomoa friji.